Msimbo mmoja kwa simu za aina mbili: mambo ambayo kamati ya kanisa ijue kabla ya kutengeneza programu

Wazo la kuingiza kitabu cha nyimbo ndani ya simu si geni tena katika paruasi zetu. Kuanzia Makiso hadi Mangobo, na ng'ambo ya mto huko Lubunga, vijana wanasema jambo hilo linawezekana, na wanasema kweli. Wengine wanataka zaidi ya nyimbo: kalenda ya masomo, matangazo ya juma, orodha ya washiriki, hesabu za sadaka. Kamati inasikiliza, inafurahi, halafu inauliza bei. Mara nyingi ni hapo ndipo swali gumu linapojitokeza: programu hiyo ni ya simu zipi?

Hapa Kisangani simu za wengi ni Tecno, Itel, Infinix au Samsung, na zote zinatumia mfumo wa Android. Lakini watoto wetu na ndugu zetu walio Ulaya, Marekani na Kanada, ambao bado wanaimba nyimbo zilezile, wengi wao wana iPhone. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Android haiingii ndani ya iPhone. Je, kanisa litalipa kazi mara mbili? Au kuna njia ya kuandika mara moja na kutumia pande zote? Makala hii inaeleza njia zilizopo, faida zake na hatari zake, ili wenye kuamua waamue kwa kuelewa.

KWA NINI PROGRAMU MOJA HAIINGII SIMU ZOTE

Programu ya simu ni maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ambayo kompyuta, au ordinateri kama tunavyosema kwetu, inaweza kuyafuata. Maagizo hayo tunayaita msimbo. Simu yenyewe ina mfumo unaosimamia kazi zake zote: kioo, sauti, kamera, mtandao na mahali pa kuhifadhi vitu. Programu inapotaka kupiga wimbo au kuonyesha maandishi, lazima iombe ruhusa na msaada kwa mfumo huo, na kila mfumo una namna yake ya kuombwa.

Mfumo wa iPhone unaitwa iOS. iPhone ya kwanza ilitoka mwaka 2007, na simu ya kwanza ya Android ikafuata mwaka 2008. Tangu mwanzo kampuni hizo mbili hazikukubaliana juu ya lugha moja. Watengenezaji wa Android waliandika kwa Java, na siku hizi kwa Kotlin. Wale wa iPhone waliandika kwa Objective-C, na tangu 2014 kwa Swift. Ni kama wahubiri wawili wanaotumwa na ujumbe mmoja, mmoja kwa watu wa Lingala na mwingine kwa watu wa Kiswahili. Ujumbe ni uleule, lakini lazima utamkwe mara mbili.

Shida kubwa huja baadaye. Programu si nyumba inayojengwa na kwisha. Ni kama shamba: kila mwaka kuna palizi. Mfumo wa simu unabadilika, kosa linagunduliwa, kamati inataka kuongeza wimbo mpya au ukurasa wa akina mama. Ikiwa kuna misimbo miwili, kila rekebisho linafanywa mara mbili, na siku moja mtengenezaji atarekebisha upande mmoja na kusahau wa pili.

NJIA TANO ZA KUTUMIA KAZI MOJA PANDE ZOTE

Njia ya kwanza ni kutoshiriki kitu. Unaandika programu mbili kamili. Kila moja inakuwa nyepesi na yenye kutii desturi za simu yake. Kwa kampuni yenye watu wengi hiyo ni njia nzuri. Kwa paruasi yenye kijana mmoja anayejitolea jioni, mara nyingi ni mzigo usiobebeka.

Njia ya pili ni ukurasa wa wavuti. Kila simu ya kisasa ina kivinjari, na vivinjari vyote vinaelewa lugha zilezile za kurasa. Ukurasa unaweza kutengenezwa hivi kwamba unahifadhiwa ndani ya simu, unapata alama yake kwenye kioo, na unafunguka hata pasipo mtandao. Ukitaka, unaweza kuufunga ndani ya ganda dogo ili uonekane kama programu ya kawaida. Vyombo kama Cordova na Capacitor vinafanya kazi hiyo. Udhaifu wake ni kwamba kwenye simu ndogo kurasa nzito huenda polepole, na kivinjari kinaweza kufuta vitu kilivyohifadhi bila kumuuliza mwenye simu, hasa nafasi inapokuwa finyu.

Njia ya tatu ni kuandika programu nzima kwa chombo kimoja kinachotoa programu mbili. React Native ya Facebook ilitoka mwaka 2015. Msimbo unaandikwa kwa JavaScript, na vitufe vinavyoonekana ni vile vya simu yenyewe. Flutter ya Google ilifikia toleo lake la 1.0 mwezi Desemba 2018. Inatumia lugha ya Dart na inachora yenyewe kila kitu kwenye kioo, kwa hiyo programu inafanana pande zote. Vijana wengi wanaojifunza leo wanaanzia hapa, kwa sababu mtu mmoja anaweza kutoa matokeo pande zote mbili.

Njia ya nne ni kushiriki akili ya programu bila kushiriki uso wake. Kanuni za kutafuta, kuhesabu, kuhifadhi na kutuma zinaandikwa mara moja. Kioo na vitufe vinaandikwa kwa kila upande. Kotlin Multiplatform, iliyotangazwa kuwa imara mwezi Novemba 2023, imejengwa kwa wazo hilo. Wengine wanaandika sehemu hiyo ya pamoja kwa C++ au Rust.

Njia ya tano inasahauliwa mara nyingi, ingawa kwa kanisa inaweza kuwa bora kuliko zote: hushiriki msimbo, unashiriki yaliyomo. Mtu mwingine ameshaandika programu inayojua kusoma faili za aina fulani. Wewe unaandaa faili tu, yaani nyimbo, masomo au maswali, na chombo kinakutengenezea programu kwa kila aina ya simu.

MFANO ULIO KARIBU NASI

Watu wa mto wetu walijua siri hii zamani. John Carrington, mmisionari Mbaptisti aliyefanya kazi Yakusu na Yalemba, alieleza ngoma za Walokele katika kitabu chake cha mwaka 1949. Ngoma ina sauti mbili, ya juu na ya chini, zinazofuata mwinuko wa maneno ya lugha. Kwa kuwa maneno mengi yana mwinuko unaofanana, mpigaji hasemi neno moja tupu. Anatumia sentensi ndefu inayojulikana na wote, ili msikilizaji asichanganye. Ujumbe haukuwa mali ya gogo fulani. Ngoma kubwa au ndogo, ilimradi ina sauti mbili na mpigaji anazijua sentensi, kijiji cha pili kilielewa. Kilichoshirikiwa kilikuwa kanuni; kila kijiji kilichonga mti wake.

Vyombo vya leo vinavyotumika katika Afrika yetu vinafuata njia hiyohiyo. Scripture App Builder ya shirika la SIL ni mfano mzuri kwa makanisa. Watafsiri wa Biblia huhifadhi maandiko katika muundo unaoitwa USFM, ambao unaweka alama za sura, mistari na vichwa bila kujali kama yatachapwa kwenye karatasi au kioo. Chombo hicho kinasoma faili hizo, pamoja na sauti zilizorekodiwa, na kutoa programu ya Android. Kutoka mradi huohuo unaweza pia kutoa programu ya iPhone, na hata kurasa za wavuti. Anayeandaa hahitaji kuandika mstari hata mmoja wa msimbo. Kanisa lenye Agano Jipya katika lugha ndogo ya Tshopo linaweza kulifikisha kwenye simu kwa njia hii.

Mfano wa pili ni Keyman, programu ya kibodi iliyoanza mwaka 1993 na kuingia SIL mwaka 2015. Lugha zetu nyingi zinahitaji herufi ambazo kibodi ya Kifaransa haina, kama ɛ na ɔ. Kwa Keyman, mtu anaandika kanuni za kibodi mara moja, yaani ukibonyeza hiki, kitoke kile, na kibodi hiyo inaweza kufanya kazi kwenye Windows, Mac, Linux, Android, iPhone na wavuti. Tangu mwaka 2017 inapatikana bure.

Mfano wa tatu wanaujua wengi waliofanya kazi na mashirika ya misaada huku mashariki: KoboToolbox. Mtu anaandika maswali ya uchunguzi katika jedwali la kawaida. Wenye Android wanayajibu kwa KoboCollect, ambayo ilitokana na ODK, kazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani. Wenye iPhone au kompyuta wanayajibu kwa kivinjari, kwa chombo kinachoitwa Enketo, hata bila mtandao. Hakuna aliyeandika programu ya pili. Fomu ni moja, na wasomaji wa fomu ni wawili.

Kenya na Uganda, wahudumu wa afya vijijini wanatumia programu zilizojengwa juu ya Community Health Toolkit. Humo ndani ni ukurasa wa wavuti uliofungwa katika ganda la Android, wenye uwezo wa kukaa siku nyingi bila mtandao na kutuma taarifa mtandao unaporudi. Ni ile njia ya pili, ikifanya kazi nzito.

KIPI KISHIRIKIWE, KIPI KIACHWE

Wanaojenga kwa pupa huuliza, "Tushiriki asilimia ngapi ya msimbo?" Swali lenye faida ni jingine: ni kitu gani kikitofautiana pande mbili kitaleta ugomvi au hasara?

Tuchukue kitabu cha nyimbo chenye nyimbo za Lingala. Lingala ikiandikwa vizuri ina herufi kama é na ɛ́. Ndani ya kompyuta, é inaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili: kama alama moja, au kama e ikifuatwa na alama ya mkazo. Kwa macho hakuna tofauti. Herufi ɛ́ haina alama yake moja. Lazima iwe ɛ pamoja na mkazo. Sasa dada wa kwaya anaandika neno kwenye kisanduku cha kutafuta. Lugha ya Swift, kwenye iPhone, inapolinganisha maandishi huzihesabu namna zile mbili za é kuwa sawa. Kotlin na Java, kwenye Android, huziona kuwa tofauti. Watengenezaji wawili, kila mmoja mwaminifu kwa kazi yake, wanatoa kitabu kimoja ambacho wimbo unapatikana Bruxelles na haupatikani Kisangani. Hakuna aliyekosea mahali panapoonekana, ndiyo maana kosa kama hili linaweza kukaa miaka.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, safisha maandishi yote ya nyimbo mara moja, unapoandaa faili, ili kila herufi iwe katika namna moja. Pili, kanuni ya kusafisha yale mtu anayoandika anapotafuta, pamoja na ruhusa ya kuandika bila mkazo, iwe mahali pamoja na itumike pande zote. Hiki ni kitu cha kushiriki.

Mfano mwingine ni sadaka. Makanisa yetu yanapokea franka na dola katika ibada moja. Mtu akiandika hesabu kwa namba zenye desimali za kawaida za kompyuta, atashangaa kuona kwamba 0.1 ukijumlisha na 0.2 hupati 0.3 kamili. Tofauti ni ndogo kuliko mchanga, lakini baada ya kujumlisha na kukata desimali, upande mmoja unaweza kukata juu na wa pili kukata chini. Mhazini mwenye Tecno na mhasibu mwenye iPhone watakuja kwenye kikao na jumla mbili. Katika kanisa, tofauti ya senti chache inaweza kuzaa maneno mengi. Kwa hiyo: hifadhi dola kama idadi ya senti, namba nzima, andika kiwango cha kubadilisha fedha na tarehe yake, na kanuni ya kukata desimali iwe moja tu.

Kitu cha tatu ni kuunganisha taarifa. Katibu wa Lubunga na katibu wa Makiso wanabadilisha jina la mtu mmoja siku moja, wote hawana mtandao. Mtandao ukirudi, nani anashinda? Ukisema "aliyeandika mwisho," kumbuka kwamba saa ya simu inaweza kuwa imekosewa. Kanuni hii lazima ifikiriwe na watu kwanza, kisha iandikwe mara moja. Mara nyingi iliyo salama ni kuonyesha majibu yote mawili na kumwachia mtu aamue.

Kwa upande mwingine, kuna vitu ambavyo si vizuri kuvilazimisha vifanane. Mwenye Android amezoea kurudi nyuma kwa kitufe au kwa kuvuta ukingo. Mwenye iPhone ana desturi yake. Ukubwa wa maandishi ambao mzee ameuweka katika simu yake uheshimiwe. Sauti ya wimbo inapaswa kunyamaza simu ikiita. Ruhusa za kamera na majina zinaombwa kwa taratibu tofauti. Mambo hayo yanagusa mazoea ya mkono na jicho. Kuyashurutisha yawe mamoja ni kuokoa muda wa mtengenezaji kwa kumchosha mtumiaji.

GHARAMA ZISIZOONEKANA

Hata msimbo ukiwa mmoja, milango ya kutokea bado ni miwili. Kuweka programu katika duka la Google kunadai ada ya dola 25, mara moja. Apple inadai dola 99 kila mwaka. Usipolipa, programu inaondolewa dukani. Tena, kutoa programu ya iPhone kunahitaji kompyuta ya Mac, au kukodi huduma ya mbali yenye Mac. Kamati isiyojua haya itasherehekea mwaka wa kwanza na kushangaa mwaka wa pili.

Kuna pia gharama ya kuipata. Kwetu watu wananunua mega kwa kipimo, na umeme unapokatika hata kuchaji simu ni safari. Programu ya megabaiti 60 ambayo Ulaya inashuka kwa sekunde chache, hapa inaweza kumaliza mega za mtu. Kwa hiyo watu wamezoea kurushiana programu simu kwa simu, kwa Bluetooth au Xender, hata mahali pasipo mtandao kabisa, kama kwenye njia ya Opala au Bafwasende. Android inaruhusu jambo hilo; iPhone hairuhusu. Uzito wa programu, basi, unaamua nani atafikiwa. Weka maandishi ndani, na sauti za nyimbo ziwe vifurushi ambavyo mtu anachagua.

Ijulikane pia kwamba mwezi Agosti 2025 Google ilitangaza mpango wa kudai watengenezaji wajitambulishe hata kwa programu zinazosambazwa nje ya duka lake. Kanisa linalotegemea kurushiana liandae mapema akaunti rasmi.

VYOMBO NAVYO HUFA

PhoneGap ilikuwa maarufu kwa kufunga kurasa za wavuti ndani ya programu. Adobe iliiacha mwaka 2020. Xamarin ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2016, na msaada wake ukakoma tarehe 1 Mei 2024. Walioitumia walipaswa kuhamia chombo kingine. Dropbox ilishiriki msimbo wa C++ kati ya Android na iPhone kwa miaka, kisha mwaka 2019 ikaeleza kwamba imeacha, kwa sababu kutunza vyombo vyake vya pekee na kupata watu wanaovijua kulikuwa ghali kuliko kuandika mara mbili. Airbnb ilitangaza mwaka 2018 kwamba inaacha React Native, ingawa makampuni mengine yanaendelea nayo hadi leo.

Hadithi hizi hazitufundishi kuogopa. Zinatufundisha kutenganisha kinachodumu na kinachopita. Maneno ya nyimbo, tafsiri, picha za daftari za zamani, kumbukumbu za ubatizo: hivyo ndivyo vinavyodumu. Vihifadhiwe katika faili za wazi ambazo chombo chochote kinaweza kusoma, nje ya programu, katika nakala zaidi ya moja na mahali zaidi ya pamoja. Chombo kikifa, utajenga uso mpya juu ya yaliyomo yaleyale. Lakini ikiwa nyimbo 400 zimeandikwa katikati ya msimbo, zimekaa katika kompyuta moja ya kijana mmoja, na kijana huyo amehamia Kampala kutafuta maisha, kanisa halina kitabu tena. Lina alama tu kwenye kioo, na siku mfumo wa simu ukibadilika, alama hiyo haitafunguka.

MAJINA YA WATU

Jambo la mwisho lina uzito kuliko yote. Kitabu cha nyimbo kikipotea simuni, hakuna anayedhurika. Orodha ya washiriki ni kitu kingine. Huku mashariki tumejifunza kwamba jina, kabila, mtaa na namba ya simu vikiwa pamoja vinaweza kumhatarisha mtu. Msimbo wa pamoja una pande mbili hapa. Kanuni ya kufunga taarifa kwa siri ikiandikwa vizuri mara moja, inalinda pande zote. Ikiandikwa vibaya mara moja, inafungua pande zote.

Kongo ina Sheria ya Dijitali, Ordonnance-Loi n° 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inagusa pia ulinzi wa taarifa binafsi. Lakini hata kabla ya sheria, busara inatosha: usikusanye usichohitaji. Kwaya haihitaji kujua mtu alizaliwa kijiji gani. Taarifa ambayo haikuandikwa haiwezi kuibiwa.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kamati si lazima ijue Dart wala Kotlin. Iulize tu maswali haya, na isitoe fedha mpaka ipate majibu yanayoeleweka:

1. Je, kuna chombo kilichopo tayari kinachoweza kufanya kazi hii kwa faili zetu, bila kuandika msimbo mpya?
2. Watu wetu wana simu zipi kweli? Wahesabuni Jumapili moja baada ya ibada. Msisahau wenye simu za vitufe. Kwao karatasi, redio au ujumbe mfupi bado ndiyo njia.
3. Programu itakuwa na megabaiti ngapi, na itafunguka bila mtandao?
4. Yaliyomo yanahifadhiwa wapi, katika muundo gani, na nani mwingine ana nakala?
5. Akaunti za maduka ni za jina la nani? Ziwe za kanisa, kwa barua pepe ya ofisi, si ya mtu binafsi.
6. Nani atalipa dola 99 za mwaka wa pili na wa tatu?
7. Kijana wetu akiondoka, nani wa pili anayeweza kuendeleza? Kama hakuna, kazi ya kwanza ni kumfundisha huyo wa pili.
8. Tunakusanya taarifa gani za watu, na kwa nini?

Kwa paruasi nyingi, shauri la kuanzia ni hili. Kama ni maandiko na nyimbo, anzeni na chombo cha kushiriki yaliyomo. Kama ni fomu na takwimu, tumieni jedwali la KoboToolbox. Kama ni matangazo, ukurasa mwepesi wa wavuti unatosha. Ni pale tu kazi inapokuwa ya pekee kabisa ndipo mfikirie Flutter, React Native au Kotlin Multiplatform, na ni vizuri zaidi kama jumuiya kadhaa zitaungana. CECA 20, CBCA, CEPAC na nyingine zinahudumia watu wanaofanana kwa mahitaji. Hakuna sababu kila moja ijenge upya kisanduku kilekile cha kutafuta.

Tena mashariki haina upungufu wa akili. Mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti yalithubutu kufungua chuo kikuu, Université Libre du Congo, hapa mjini, wakati huo ukiitwa Stanleyville. Mwaka 1971 kiliunganishwa katika chuo kikuu kimoja cha taifa, na tangu 1981 kinajulikana kama Université de Kisangani. Wazee wale walijenga kitu ambacho kimebadilishwa jina na uongozi, na bado kinafundisha. Hicho ndicho kipimo kizuri hata kwa programu ya simu: je, wengine wataweza kuichukua na kuiendeleza sisi tusipokuwepo?

MANENO YA KUSHIKA

Msimbo: maagizo yanayoandikwa ili kompyuta au simu ifanye kazi fulani.

Mfumo wa simu: msimamizi mkuu ndani ya simu, Android na iOS ndiyo inayotumika zaidi.

Uso wa programu: yote ambayo jicho linaona na kidole kinagusa.

Akili ya programu: kanuni za ndani, kama kutafuta, kuhesabu na kuunganisha taarifa.

Yaliyomo: maandishi, sauti na picha zenyewe, ambazo zinaweza kuishi nje ya programu.

Ganda: programu ndogo inayobeba ukurasa wa wavuti ili ufanye kazi kama programu ya kawaida.

Chanzo wazi: msimbo ambao kila mtu anaruhusiwa kuusoma, na kwa masharti yaliyoandikwa, kuutumia na kuurekebisha.